Ukurasa Ambao Sikuuruka

Machi 3
Muuguzi amenipa daftari hili niandike kila ninapomtia binti yangu dawa ya jicho. Asubuhi nimetia. Mchana nimetia. Jioni nimetia, akashtuka kidogo lakini imeingia. Mvua imeanza.

Machi 4
Dawa zote nimetia. Mwanangu kaniuliza mbona naandika muda mrefu hivyo, kwani neno "nimetia" lina urefu gani. Nikamwambia mkono wangu mzito. Akasema, "Mama, usiandike dawa tu. Andika na mvua. Andika na sisi." Mimi shule niliiachia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini mgonjwa akiomba kitu chepesi unampa.

Basi naandika. Jicho lake la kulia, utando wa nyuma ulibanduka, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta wenye unyevu. La kushoto halijawahi kuona herufi tangu azaliwe. Daktari ameurudisha ule utando, akaweka kiputo cha hewa ndani ya jicho kiushikilie. Hewa hupanda juu, kwa hiyo uso wa mwanangu lazima utazame chini, akilala, akikaa, akinywa chai. Daktari alininyooshea kidole: "Mama, asiinue kichwa. Asibebe kitu. Na asilie ile ya kutikisa mabega." Nikasema sawa, daktari. Lakini tangu baba yake afariki, mwanangu hana kilio kingine zaidi ya hicho.

Machi 5
Kaka yangu seremala amekuja na msumeno. Amekata ubao wa kitanda pale kichwani, akatoboa na godoro, sasa mwanangu anatumbukiza uso kwenye tundu kama mtu anayechungulia kisima. Mimi najilaza chini kwenye mkeka, namwona kutokea huko, nampa chai kwa mrija. Sura yake ikiwa juu yangu hivyo imevimba, imekuwa ya kitoto.

Mjomba wake akamwambia, "Haya Mwandishi, sakafu yote yako. Tuandikie riwaya ya mende."
"Mende gani, Mjomba? Mama kawamaliza."
"Basi ya mende yatima."
Wakacheka wote wawili. Kuhusu kulia niliambiwa, kuhusu kucheka nilisahau kuuliza.

Machi 6
Mvua. Nguo za watu ninazofua hazikauki. Nimezitundika chumbani, tunaishi kati ya mashati.

Machi 7
Leo amenyamaza mpaka nikaingia chini ya kitanda kumtazama. Alikuwa macho. Nikamuuliza unawaza nini, akasema, "Bahasha."

Bahasha iko juu ya kabati. Ndani yake kuna riwaya yake. Aliianza mwaka aliofariki baba yake, akawa anaichapa pale dukani alikokuwa akitoa kopi za watu, mteja akiondoka yeye anaongeza mstari. Kuna mama mmoja wa kampuni ya vitabu aliisoma, akamwambia aipitie tena mara ya mwisho, kwani kuna mahali inagoma, kisha airudishe mvua zikiisha. Ni mahali gani, hakusema. Mwanangu alikuwa amefika katikati kuipitia ndipo jicho likafanya lilichofanya.

"Mvua zikiisha kabla sijaipitia, Mama, atachukua ya mtu mwingine."
"Nitakusomea mimi."
"Si sasa. Baba anakufa mle ndani. Nitalia."
Nimebaki naisikiliza mvua kwenye bati na kuiomba isiishe, mimi niliye na vikapu vya nguo za watu.

Machi 9
Tumepata cha kusoma. Chini ya kitanda kuna sanduku la marehemu. Alikuwa mlinzi wa mchana kwenye ghala, na kama hakuna lori getini alikuwa anasoma riwaya, zile zenye mwanamke amezirai kwenye jalada. Mwanangu aliziita takataka za Baba. Alipokuwa sekondari alikuwa akizigeuza jalada chini wageni wakija.

Nimeanza na ya juu kabisa. Nasoma polepole, kidole kikitangulia. "Macho yake yaling'aa kama almasi mbili zilizotumbukizwa katika bahari ya maziwa."
Kutoka kwenye tundu nikasikia, "Mama, huyo apelekwe kwa daktari wangu."

Machi 10
Dawa nimetia. Tumesoma. Mvua.

Machi 12
Nimefanya jambo. Mle kitabuni mama wa msichana akaugua, nikachungulia kurasa za mbele nikaona anakufa, na anakufa kwa kurasa nyingi. Nikaziruka. Nikasema, "Mama yake akapona, akaenda sokoni."
"Akapona?"
"Akapona kabisa."
"Kwa dawa gani?"
"Hakuandika."
Nikaendelea kusoma, akauliza, "Na huyu anayezikwa sasa ni nani?"
Nikasema jirani.

Machi 14
Ameshajua. Anasema nikiruka sauti inapanda juu, kama mtu anayevuka dimbwi kakunja sketi. Nikakiri. Nikamweleza kwamba daktari kasema asilie. Akaniambia, "Hebu nirudishe kwenye hicho kifo. Soma. Nikihisi kulia nitakwambia."

Nikasoma. Machozi yalimtiririka kama mto uliovunja kingo. Moyo ukapasuka vipande elfu. Ngurumo ikapiga, mbingu nazo zikalia. Mama akanyanyuka kitandani akatoa hotuba, akaanguka, akanyanyuka tena akaongeza nyingine. Nikachungulia chini ya tundu. Mwanangu alikuwa anapiga mwayo.

"Mama, umehuzunika?"
"Kidogo."
"Kweli?"
"Nilikuwa nawaza pasi kama nimeizima."
"Ndiyo hiyo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu. "Mwandishi kalia mwenyewe mpaka kayamaliza machozi. Sisi hakutubakishia."

Machi 15
Akaniuliza: mwandishi ametuambia mara ngapi kwamba huyu tajiri wa kitabuni ni mkarimu? Nikasema kila akiingia. Je, nimemwona akimpa mtu chochote? Nikafikiri. Sijamwona. "Kaka yangu huwa hatuambii kwamba yeye ni mkarimu," nikasema. "Anakuja na msumeno." Akataka nirudie hilo. Sijui amelipendea nini.

Machi 17
Kaka yangu amekuja "kukagua kitanda". Jana pia alikikagua. Leo alikagua hadi yule msichana alipofumaniwa kituoni na mchumba wa zamani, kisha akakasirika kwamba nimefunga kitabu.
"Dada, huwezi kumwacha pale kituoni."
"Nina mashati."
"Kwa hiyo mashati ni muhimu kuliko mtu?"
Mwanangu akacheka ndani ya godoro. Akasema kitabu ni kibovu tangu jalada mpaka jalada, na mjomba wake atarudi kesho. "Hilo nalo sina budi kulijifunza," akasema.

Machi 20
Leo nimeogopa sana.

Kitabu cha tatu kwenye sanduku ni kibaya kuwashinda wenzake. Mwanamume kafiwa na mke, basi akalia, milima ikasikia, mimi nasoma bila wasiwasi kwa kuwa nimeshajua kilio cha namna hii hakina madhara. Halafu ukawa mstari mdogo tu. Yule mwanamume aliamka, akapiga magoti kutafuta ndala ya pili ya mkewe chini ya kitanda, akaipata, akaziweka mbili sambamba pale mlangoni, zikitazama nje. Kisha akaenda kazini.

Nikasikia kitanda kinalia. Nikainua macho nikaona tone limening'inia puani mwake, na mabega ndiyo hayo, yanakwenda. Nikaingia chini, nikamshika uso kwa mikono miwili kutoka chini, nikamwambia mwanangu nakuomba, mwanangu jicho, mwanangu kiputo. Nikaanza kumwimbia, mimi nisiyejua kuimba. Akatulia. Nikatia dawa, nyingine ikaingia sikioni.

Baadaye akasema, "Hapo alijisahau, Mama."
"Nani?"
"Mwandishi. Kitabu kizima anajionyesha, hapo kwenye ndala akajisahau."

Yeye afurahie. Mimi nimejua sasa hatari inakaa wapi. Kuanzia leo ngurumo nitazisoma zote na milima nitaisoma yote. Ndala nitaruka.

Machi 22
Nimeruka kikombe.

Machi 25
Nimeruka mzee aliyekuwa akimwachia mbwa wake aliyekufa mfupa. Nimeona kila nikiruka mwanangu anakaza shingo kusikiliza, baadaye ananiuliza nimeruka nini, namtajia kwa neno moja.

Aprili 3
Daktari amemulika jicho. Utando umeshika. Sasa anaruhusiwa kukaa na kuinua kichwa, lakini kusoma hapana, kubeba hapana, kulia bado hapana. Nimetoka pale nikiwa mwepesi, nikasahau mwavuli, tukalowa sote wawili.

Aprili 4
Kulowa kwangu kumezaa mafua. Nasomea puani. Kaka yangu anasema wahusika wote sasa wana mafua.

Aprili 11
Mvua inakatika mchana, inarudi jioni. Nguo mbili tatu zimekauka nje. Mwanangu aliliona jua mlangoni kama weupe tu, akaniambia, "Tuteremshe bahasha."

Aprili 12
Tumeanza. Nimenawa mikono kwanza. Karatasi zake safi, herufi zimenyooka. Mwanzo wake mzuri, jamani. Kuna duka la kutoa kopi na mteja anayetaka cheti cha mtoto kikuzwe kiwe kikubwa ili mtoto aonekane amefaulu zaidi. Kaka yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanangu anasikiliza kakunja vidole. Mahali pengine anasema, "Futa hilo, lina almasi," nami nafuta kwa penseli.

Aprili 15
Kesho tutafika kwenye kifo. Nimezichungulia kurasa zile peke yangu nikiwa napiga pasi. Siandiki nilichoona. Nimeunguza kola ya shati la mwalimu.

Aprili 16
Niandike ilivyokuwa.

Alikaa kitandani, mgongo ukutani. Akaniambia, "Mama, ukiona siwezi, ruka. Sitakulaumu." Nikasema sawa. Nikaanza.

Mvua ilikuwa ikinyesha nje, mle kitabuni. Baba alikuwa amelala kitandani, taa inafifia. Binti alimshika mkono. Baba akamwambia binti ishi kwa ukweli, tafuta elimu, mtunze mama yako, usiache kalamu yako, na kadhalika, ukurasa na nusu. Binti akalia, moyo ukapasuka. Ngurumo ikapiga. Baba akatabasamu, akafumba macho.

Nilisoma yote, neno kwa neno, kidole kikitangulia. Nilipofungua ukurasa wa pili nikaona mwanangu ameacha kukunja vidole. Anasubiri. Nikasoma mpaka mwisho, nikakohoa.

"Hukuruka," akasema.
"Eh?"
"Umesoma yote. Sauti haikupanda hata mara moja."
Hapo nikaelewa nilichofanya, nikatamani nimeze ulimi. Nikasema nimesoma yote kwa sababu ni yako. Nikasema ni nzuri sana, nikasema imenigusa.
"Mama. Tangu ndala umekuwa ukiruka. Kikombe uliruka. Hata yule mbwa ulimruka. Mimi nilikuwa nahesabu ninachonyimwa. Leo ni mume wako anayekufa, na hukuona cha kuruka."

Kaka yangu, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Mpwa wangu, mbona ni kizuri, ngurumo ile—" Nikamkata jicho, akaenda kusimama mvuani.

Mwanangu hakulia. Heri angelia. Alijigeuza, akatumbukiza uso kwenye tundu ambalo halihitaji tena.

Aprili 17
Dawa nimetia. Hajasema kitu.

Aprili 18
Dawa. Chai kaiacha.

Aprili 20
Amesema bahasha irudi juu ya kabati na mama wa kampuni aambiwe hakuna kitabu. Nimeirudisha. Sikumpelekea mtu yeyote habari. Asubuhi nzima nilikuwa najiambia, ungeruka hata mistari miwili tu, mjinga wewe, ingekugharimu nini. Halafu nikawaza: angekwenda nacho kwa watu, wakapiga mwayo wao. Bora mwayo wa mama. Halafu nikawaza si bora. Nikafua shuka moja mara mbili.

Aprili 24
Mvua imekaa kimya siku nzima. Namsikia mtoto wa jirani akicheza nje na mimi nauona ukimya huo kama adui.

Aprili 26
Leo kazungumza tena. Nilikuwa mkekani nikikunja nguo, uso wake uko kwenye tundu, akasema bila kunitazama, "Mimi sikuwepo, Mama."

Najua hakuwepo. Alikuwa mji mwingine kikazi, alifika kesho yake.

"Nilijiandika nipo. Nikampa kitanda ili nipate pa kukaa. Nikampa maneno ili awe amenisemesha." Kisha: "Wale waandishi wa Baba, nimewacheka mvua nzima. Labda nao walikuwa wanajitafutia pa kukaa."

Nikaendelea kukunja. Akauliza, "Ilikuwaje?"

Hajawahi kuniuliza. Watu wote waliuliza, yeye hapana, nami sikumwambia, niliona nitamwongezea mzigo. Nikamuuliza na jicho je? Akasema jicho litavumilia. Basi nikamwambia.

Mvua haikuwepo. Lilikuwa jua kali. Nguo nilizoanika asubuhi zilikuwa zimeshakauka na nilikuwa nazianua. Simu ikalia, nikaishikilia kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na shuka. Ni mlinzi mwenzake. Akasema, "Mama, mzee hatunaye. Alikuwa amekaa tu getini." Nami nikamuuliza, "Amekula?"

Yule kijana hakujibu. Nikamuuliza tena, "Nauliza, amekula?" Kwa sababu asubuhi ile alichelewa, nikamfungia bakuli harakaharaka, sikuwa na hakika kama nilitia chumvi. Kijana akaanza kulia kwenye simu, mimi nikawa nambembeleza yeye. Jioni ndiyo akaja na bakuli. Lilikuwa tupu na limeoshwa. Baba yako alikuwa na tabia hiyo, akimaliza kula analiosha bombani pale getini. Na kitabu chake kilikuwa mle ndani ya bakuli, ukurasa umekunjwa pembe.

Mwanangu akasema, "Kitabu gani?"

Nikakivuta sandukuni. Kiko chini kabisa, nilikiweka mwenyewe, sikuwahi kukifungua. Pembe bado imekunjwa.

Aprili 27
Tumemmalizia marehemu kitabu chake. Tulianzia pale kwenye pembe, hatukujua hata wahusika ni akina nani. Kilibaki kidogo tu. Adui akatubu ghafla, pacha aliyepotea akaonekana, wakafunga ndoa na njiwa weupe wakaruka. Kitabu kibaya ajabu. Kaka yangu alipiga makofi. Mwanangu alitabasamu, akasema, "Baba angefurahi na hao njiwa." Akakaa nacho mapajani muda, akipapasa jalada. Hakukigeuza.

Kisha akasema, "Mama, chukua penseli."

Aprili 29
Ananitajia, naandika nyuma ya karatasi zake. Naandika pole, anasubiri. Maneno mengine nayakosea, anasema andika unavyosikia.

Mei 2
Kwenye ukurasa wa kifo ameondoa kitanda. Ameondoa hotuba. Nikamwambia angalau abakishe "mtunze mama yako". Akacheka, akasema atanitunza bila kuandika.

Mei 5
Siku nzima mstari mmoja.

Mei 9
Mvua ndogo. Huenda ni za mwisho. Namwambia fanya haraka, ananiambia nisimtie haraka.

Mei 14
Daktari anasema kiputo kimekwisha. Mwanangu ameona vidole vya daktari, ameona fremu ya dirisha, herufi kubwa kaziona zimepinda kidogo. Kusoma, labda baadaye, na miwani. Nikauliza kuhusu kulia. Daktari akasema, "Sasa alie tu, Mama." Nikamuuliza na kucheka. Akanishangaa.

Mei 17
Jua tangu asubuhi. Nimeanika kila kitu nje, chumba kimekuwa kikubwa. Kaka yangu amekuja kuipeleka bahasha, kavaa shati alilopigiwa pasi na mimi, kakaa kitako mlangoni kama mtu anayekwenda posa.

"Tusome ule ukurasa mara moja, ndipo tuufunge," akasema mwanangu. Akaenda kutumbukiza uso kwenye tundu. Anasema akitazama sakafu anasikia vizuri. Nikajilaza kwenye mkeka wangu.

Nikasoma jua. Nikasoma nguo zilizokauka. Nikasoma mwanamke ameshikilia simu kwa bega kwa kuwa mikono ina shuka, na sauti inasema mzee hatunaye. Maneno ni yangu, mwandiko ni wangu, niliyaandika mwenyewe kwa penseli hii nikidhani ninaandika tu anachonitajia. Nikafika kwenye lile swali langu la kwenye simu. Nikaliona linakuja, neno moja tu, na alama yake.

Nikasema, "Kisha jioni kijana akaleta bakuli."

Kaka yangu akageuka. Juu yangu, kwenye tundu, mwanangu alikuwa ananitazama, jicho moja limeona zaidi ya jingine, na yote mawili yamejaa.

"Mama," akasema, "umeruka."

Nikasema nimeruka.

"Mjomba," akasema, "leta gundi ya bahasha."